Vakansi ya Ratiba Ukweni

Shemeji yangu anaishi Uholanzi, na kila mwaka hutuletea fasheni mpya. Safari hii ilikuwa ratiba. Alikuwa amempeleka mumewe na watoto katika kijiji cha mapumziko, vile vya nyumba ndogo ndogo msituni ambako mtu hapumziki hata kidogo. Biashara hiyo ilianzishwa mwaka 1968 huko Reuver na mwenye maduka ya vifaa vya michezo, Piet Derksen, na kampuni yake ndiyo iliyokuja kuitwa Center Parcs. Mwaka 1980 wakaongeza bwawa lililoezekwa kwa kioo, lenye mitende ndani na maji ya nyuzi 29. Yaani Mzungu ameichukua Oktoba yetu ya joto huku Kolwezi, Kongo, akaifungia ndani ya kioo, akaanza kuikatia tiketi.

Shemeji alitusimulia kwa sauti ndefu za WhatsApp. Asubuhi kinga, yaani baiskeli, kisha kulenga mishale, kisha kupanda ukuta, kisha bwawa. Mumewe, mtoto wa Kolwezi aliyezoea kukaa kivulini na bia yake baridi ya Simba, alipandishwa kwenye bomba la kuteleza majini. Katikati ya bomba, penye giza, moyo ukamgeuka. Akafunga breki kwa magoti na viwiko. Waholanzi wakaja kumgonga mgongoni mmoja baada ya mwingine mpaka bomba likaziba, kisha wote wakatemwa majini kwa mpigo, yeye mbele yao akiomba radhi kwa Kifaransa. Jioni walipika wenyewe na kuosha vyombo wenyewe. Siku ya kuondoka walikunja shuka na kutoa takataka wenyewe.

"Na mlilipa?" nikauliza.

"Tangu mwezi wa kwanza!" akajibu kwa fahari.

Mtu wa kawaida akisikia hadithi hiyo hucheka. Mke wangu ni mwalimu, akachukua daftari. Shule zilipofungwa mwezi wa saba tulikuwa tumeshakubaliana kwenda kwa wazazi wake Musumba, nami nilikuwa nimejiandaa kwa kiti cha kuegemea na kinywaji cha munkoyo. Yeye akachora mistari na rula: saa, shughuli, mhusika. Karibu kila mstari mhusika alikuwa mimi. Juu kabisa aliniandikia cheo kwa wino mwekundu: animateri.

Kutoka Kolwezi hadi Musumba ni kama kilomita 400 hata kwa ndege arukaye moja kwa moja, na motokari yetu si ndege. Ilipita Mutshatsha, ikapita Kasaji, watoto wakiuliza kila kilima kama tumefika. Tuliposhika njia ya Sandoa mchanga ukachukua usukani. Motokari ilizama taratibu, kwa adabu, hadi milango ikakataa kufunguka. Kabla sijazima injini, vijana walikuwa wamekwisha kufika na makoleo.

"Papa, huu mchanga ni mubaya sana," mkubwa wao akanihurumia, ameegemea koleo lililong'aa kwa matumizi. Nikaangalia vizuri. Kivuli chao kilikuwa na mkeka, chungu cha maharage na redio. Ile haikuwa ajali, ilikuwa ofisi. Tukapatana bei, wakachimba, nasi tukasukuma tukimeza vumbi la magurudumu. Mke wangu akafungua daftari akatia alama ya vema penye "mazoezi ya viungo".

Sasa, Musumba si mahali pa kuingia na saa mkononi. Ni makao ya Mwant Yav, mfalme wa Walunda. Zamani kila mfalme mpya alijijengea Musumba yake mahali pengine, na wazee husimulia kwamba mji huo ulipangwa kwa umbo la kobe. Nilipouona mwendo wa salamu nikaamini. Unakaa chini, unapiga makofi ya heshima, unajibiwa kwa makofi. Kisha unaeleza safari tangu kufunga mlango wa Kolwezi, kisha wenyeji wanakueleza yao tangu masika. Ratiba ilisema saa nane ni kulenga mishale. Saa nane ilitukuta kwenye afya ya mbuzi, na bado walikuwa hawajatajwa wote.

Mke wangu akanong'ona kwamba tumechelewa. Baba mkwe ana masikio mazima. "Mama, hapa ndipo alipozaliwa Tshombe, yule kiongozi wa Katanga, mwaka 1919," akasema bila kugeuka. "Hata yeye alingoja watu wamalize kusalimiana."

Kesho yake ratiba ikaanza kwa nguvu. Kinga tuliazima kwa mjomba, ambaye huitumia kupeleka muhogo Kapanga. Ilikuwa na kiti cha ubao na mpini mmoja wa mti, na waya za breki zilikwisha kupewa kazi nyingine, kufungia lango la kuku. Ukitaka kusimama unavua sandali ya plastiki mguu wa kulia, unaikandamiza juu ya gurudumu la nyuma, na unangoja. Mjomba alimwonyesha mwanangu mara moja, akateremka kwa madaha. Mwanangu akateremka kwa kasi, akaikumbuka sandali alipokwisha kuipita nyumba, akaingia na kinga yake katikati ya unga wa muhogo ulioanikwa kwenye mikeka. Akainuka mweupe kuanzia nywele hadi magoti. Bibi yake akamzunguka akimkagua. "Kwetu mtu hupakwa pemba, udongo mweupe, kwa heshima," akasema. "Huyu kajipaka mwenyewe, na kwa chakula cha wiki."

Mishale nayo ilikuwa na siku yake. Upinde ulitolewa juu ya dari, mali ya babu aliyekuwa mwindaji. Mke wangu akasema mwalimu hufundisha kwa mfano. Akavuta, akafumba jicho lisilofaa, na mshale ukaupa mgongo mgomba uliokuwa shabaha, ukajichomeka juu ya paa la jiko la mama yake. Mjomba akapanda kuuchomoa. Nyasi zile zilikuwa za zamani, zilishikana kwa mazoea tu. Mshale ulipotoka, ulitoka na robo ya paa.

Ikabaki "saa kumi: kuogelea, wote". Hapo nilianza kutoka jasho. Mimi nitokeze mbele ya mama mkwe na kaptula ya kuogea? Mbele yake hata kula ninageuza kiti! Nilikuwa nikitafuta ugonjwa wa kuumwa pale yeye mwenyewe aliposikia neno Lulua. "Mtoni? Mamba wa huko hawajui vakansi," akasema, na mstari ukafutwa. Sijawahi kumpenda mamba kama siku ile.

Jioni baba mkwe akaomba daftari. Akavaa miwani, akasoma polepole, kidole chini ya kila mstari. Penye cheo changu kidole kikasimama.

"Animateri," akasema. "Wakati wa Mobutu tulikuwa naye. Asubuhi kabla ya kazi anapuliza filimbi, tunaimba na kucheza kwa ajili ya chama, wazee kwa vijana. Na Jumamosi tunapangwa salongo, kufyeka na kufagia bila malipo. Yote yaliandikwa hivi hivi, saa na mhusika."

"Lakini Papa, hii ni vakansi," mke wangu akajitetea.

"Salongo nayo ilikuwa na jina zuri."

Akakunja daftari, akalitia mfukoni. Kulipokucha alitoka na mundu, akatamka ratiba yake ambayo haikuhitaji mistari: jiko halina paa. Watoto wangu, wanaolia wakiagizwa kufagia uwanja Kolwezi, walishindana kubeba matita ya nyasi. Mimi nilikabidhiwa ngazi. Mke wangu alishika mchi na dada zake, wanne kwenye kinu kimoja, mmoja akipanda mwingine akishuka, bila kugongana, na mazungumzo yakipita katikati.

Ndipo shemeji akapiga simu ya video. Nikamgeuzia kamera: watoto wanapanda ngazi, michi inaruka, mjomba anateremka na kinga yake. Akapiga kelele za furaha. "Mbona kuzuri! Hiyo ya kutwanga ni bei gani kwa saa?"

Juu ya ngazi mtu hupata muda wa kufikiri. Ukilipia, ni mchezo. Ukilipwa, ni kazi. Usipolipa wala kulipwa, uko ukweni.

Baba mkwe aliitaka simu. Alikuwa amesikia kila kitu, na kwanza alitaka kuhakikisha: ni kweli huko watu hutoa pesa ili wachoke? Shemeji akathibitisha. Mzee akaangalia jiko, akaangalia nyumba kubwa, akaangalia zizi la mbuzi.

"Basi waambie Waholanzi," akasema, "mwezi wa nane nina mapaa mengine mawili. Nafasi zipo. Watoto nusu bei."