Heshima kwa Feni Inayovuma

Katika mitaa ya Eastlands, kuanzia Buruburu hadi Kayole, feni ya laptopu haina mtetezi. Mwanafunzi wa Umoja akifungua kazi yake saa sita usiku, feni huanza kuvuma, na dada yake aliye kitanda cha juu huuliza mashine hiyo italala lini. Kwenye saiba za Donholm wateja huisikia na kuhamia kompyuta ya pili. Wahenga nao walishatoa hukumu: debe tupu haliachi kuvuma.

Makala haya yanakata rufaa. Kwanza, debe lenyewe si tupu. Lifungue ulione: limejaa vumbi la machimbo ya mawe ya Njiru, masizi ya jiko la makaa, nywele, nyuzi za blanketi, na mende mmoja au wawili waliotangulia mbele ya haki.

Anayesifiwa hutajwa ukoo wake kabla ya matendo, na feni hii ina ukoo wa kujivunia. Laptopu nyingi za mitaa hii ni zile ziitwazo ex-UK, zilizotumika kwanza maofisini Uingereza, zikastaafishwa, zikaja kuuzwa tena katikati ya jiji la Nairobi: ThinkPad T420 na T430, HP EliteBook 840 G3, Dell Latitude za kila umri. Huko ilikotoka, feni ilifanya kazi kwenye chumba chenye zulia na madirisha yaliyofungwa, na hewa ilikuwa nzito kwa sababu nchi iko karibu na usawa wa bahari. Kisha ikapandishwa Nairobi, zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, ambako hewa ni pungufu kwa karibu moja ya sita. Hewa ndiyo inayobeba joto kulitoa nje. Kwa hiyo mzunguko ule ule wa feni huku Eastlands hutoa joto kidogo kuliko ulivyotoa kule, na feni hulazimika kukimbia zaidi ili ifikie pale pale. (Anayefikiria kuihamishia laptopu yake Likoni kwa sababu za kiafya asubiri kwanza. Hewa ya Mombasa ni nzito, lakini yenyewe imeshachemka.) Watengenezaji wa ThinkPad huruhusu mashine zao zitumike hadi mita 3,048, hivyo feni haiwezi hata kwenda mahakamani. Imehamishwa kihalali, bila marupurupu ya mazingira magumu, na haijawahi kugoma kabla ya kufa.

Mpangaji wa bedisita kule Pipeline huiongezea feni kazi. Meza hakuna, kwa hiyo laptopu hukaa kitandani, juu ya blanketi, na matundu ya kuvutia hewa yako chini ya mashine. Feni huvuta blanketi. Ikipiga kelele, mpangaji huongeza sauti ya filamu.

Ukitaka kuijua feni vizuri, mtazame fundi akifungua laptopu kibandani. Kwenye EliteBook 840 G3 kifuniko chote cha chini hutoka. Kwenye T430 ni lazima ang'oe kwanza kibodi na sehemu ya kuegemeza viganja. Akishaifikia, mabapa ya feni huonekana machafu kiasi tu, na mteja huanza kushuku kwamba anatapeliwa. Fundi hutoa skrubu zinazoshika kifuniko cha feni, anakiinua, na hapo ndipo kisa chenyewe kilipo: kati ya feni na mapezi membamba ya shaba kuna mkeka wa vumbi ulioshikana, mnene, wa kijivu, unaotoka mzima mzima ukivutwa kwa kibanio.

"Madam, hii ndiyo ilikuwa inapiga kelele?" huuliza fundi, akiuinua mkeka huo juu.

"Si uliniambia ni feni?"

"Feni ilikuwa inakuitia tu."

Kabla hajapuliza kwa blowa, fundi anayejua kazi huzuia mabapa kwa kidole au kwa kijiti cha meno, maana feni ikizungushwa na upepo wa nje kupita mwendo wake, fani zake huharibika. Kisha hufuta pesti iliyokauka juu ya prosesa na kuweka mpya, tone dogo katikati. Fundi asiyejua kazi hupaka pesti kwa ukarimu na kumaliza haraka.

Na feni inapigania nini kwa makelele yote hayo? Prosesa ya Core i5-2520M, iliyomo kwenye T420 nyingi, imekadiriwa wati 35, na joto hilo hutoka kwenye kipande cha silikoni kisichofika sentimita mraba mbili. Intel imeiwekea mpaka wa nyuzijoto 100 za Selsiasi. Mdogo wake, i5-3320M ya T430, aliruhusiwa 105. Ile i5-6300U ya EliteBook 840 G3 ni ya wati 15 tu, lakini mpaka wake pia ni 100. Kwa hiyo anayeona 80 au 85 wakati video inatengenezwa hana sababu ya kukimbilia kwa fundi. Mwenye kuona 95 huku amefungua ukurasa mmoja wa Word ndiye anayehitaji bisibisi.

Mpaka huo ukifikiwa, prosesa haiungui. Hujipunguzia kasi yenyewe, na mwenye laptopu hulaumu virusi, kisha bando, kisha hutafuta pesa za kuongeza RAM. Joto likizidi kupanda hata baada ya hapo, saketi nyingine hukata umeme bila kuaga, na kazi ambayo haikuhifadhiwa huenda nayo.

Haikuwa hivyo siku zote. Mwaka 2001 wanahabari wa Tom's Hardware waling'oa vipozaji juu ya prosesa zikiwa kazini na kurekodi yaliyofuata. Pentium 4 ilipunguza mwendo ikaendelea. Pentium III iliganda, lakini ikapona. Athlon mbili za AMD zilikufa kwa sekunde chache, moshi ukipanda. Ulinzi ambao leo hii kila laptopu ya mitumba inao ulikuwa bado ni jambo la kubahatisha.

Pamoja na ushahidi huu, wapo wanaotaka feni inyamaze, na hawa ndio maadui wake halisi, kuliko hata vumbi. Feni ni makanga wa mashine: abiria wote humlalamikia, ila gari lisilo na makanga huwa halijui likijaa. Steve Jobs hakupenda kelele hizo. Apple III ilitoka mwaka 1980 bila feni, ikapata sifa mbaya ya kuchemka na chipu kulegea, na baadhi ya wateja wakashauriwa waiinue kidogo na kuiangusha mezani ili zikae sawa. Ukiwasikia mafundi wa leo wakisema laptopu imepona kwa kupigwa kofi, ujue mbinu hiyo ilianzia kwa wenyewe.

Eastlands, njama ya kuinyamazisha hufanywa kwa programu. Ndani ya laptopu kuna chipu ndogo isiyo na jina kubwa, inayosoma kihisi cha joto na kuamua feni izunguke vipi, hata mfumo wote ukiwa umeganda. Kijana hupakua programu ya kuipokonya chipu hiyo madaraka. Waliotengeneza draiva ya ThinkPad kwenye Linux, thinkpad_acpi, walimjua kijana huyu kabla hajazaliwa. Draiva haiachii feni mpaka aandike mwenyewe fan_control=1. Akishaandika, hupewa ngazi 0 hadi 7, na 0 ni kuizima kabisa. Kuna pia neno auto, la kuirudishia chipu mamlaka yake. Juu ya yote wameweka mlinzi, saa inayoweza kupangwa hadi sekunde 120: programu inayosimamia feni ikifa au ikikaa kimya kwa muda huo, draiva hujaribu kuiwasha feni yenyewe. Watu waliofikiria hivyo wanastahili kikombe cha chai.

Wenye haki kidogo ya kulalamika ni watu wa muziki. Kundi la Ethic la Umoja lilipotoa Lamba Lolo mwaka 2018 na gengetone ikashika mitaa, vyumba vya kulala vingi viligeuka studio. Hapo laptopu na maikrofoni hukaa chumba kimoja, na feni huimba kibwagizo bila kualikwa. Anayejali huvuta waya mrefu na kuiweka mashine nyuma ya mlango. Asiyejali huifunika kwa taulo. Nyimbo hukwama katikati ya ubeti, na msanii huambiwa arudie.

Hata kufa, feni hufa kwa utaratibu. ThinkPad huandika "Fan error" na kukataa kuendelea kama kawaida. HP hutoa onyo namba 90B, ikieleza kwamba feni haifanyi kazi sawasawa na kwamba mashine itazimika baada ya sekunde 15, isipokuwa mtumiaji abonyeze Enter. Enter hiyo hubonyezwa kila asubuhi kwenye saiba nyingi, hasa Juni ikielekea tarehe 30, foleni ya watu wa kujaza ritani za kodi za KRA ikiwa imefika mlangoni na feni mpya ikingojewa ishuke bei. Mhudumu huinua upande wa nyuma wa laptopu kwa vifuniko viwili vya chupa za soda, hupepea kwa kipande cha katoni, na kumwomba mteja aseme nambari yake ya PIN upesi upesi.