Wawili na Kilo Saba

Safari nafuu ya wanandoa kutoka Dar es Salaam kwenda Dubai huanza kwa mapatano: kila mtu begi moja la mkononi lenye kilo 7, kiwango cha mashirika mengi ya ndege kwa daraja la kawaida. Mapatano hudumu mpaka mizani itolewe. Begi la mume huonekana jepesi, kwani chaja, viatu na taulo lake vimo katika begi la mke. La mke husoma kilo 9, na huyo ndiye huambiwa hajui kufungasha.

Kisha huja vimiminika. Chupa isizidi mililita 100, sharti lililoenea tangu 2006, baada ya njama ya kulipua ndege kugunduliwa Uingereza. Asali ya Tabora ya kumpelekea shangazi, chupa ya lita nzima, huishia mezani kwa wakaguzi.

Hatua ya mwisho ni Deira, eneo la masoko mjini Dubai. Huko kila kitu ni rahisi, hivyo hununuliwa begi kubwa la kubebea urahisi huo. Kilo za ziada hulipiwa uwanjani. Gharama hugawanywa sawasawa. Lawama humwendea aliyependekeza begi moja.