Sifa za Marejeo

Waandishi wa Kiswahili hawana choyo cha sifa. Wamesifu mapenzi, mama, minazi, viongozi walio madarakani na, kwa tahadhari, waliokwisha kutoka. Sijamwona aliyekaa kitako akasifu Marejeo, ile orodha ya vitabu inayofunga insha ya chuo, ambayo mwanafunzi huianza saa nane usiku kwenye kompyuta ya kuazima. Dhuluma hiyo imedumu vya kutosha.

Mtukufu huulizwa kwanza kwao ni wapi. Mtindo wa APA, unaotumika katika vyuo vyetu vingi, chimbuko lake ni Marekani mwaka 1929, katika makala ya kurasa saba iliyochapwa kwenye jarida la Psychological Bulletin. Wengi wa wazazi wake walikuwa wanasaikolojia, watu wanaojua vizuri akili ya binadamu inakatikia wapi. Mtoto hakudumaa. Toleo la saba, la mwaka 2019, lina kurasa zaidi ya 400. Kitu kisicholiwa wala kupandwa kikinenepa namna hiyo, ujue kina baraka zake.

Toleo hilo hilo limefuta mji wa uchapishaji. Vizazi vya wanafunzi vilivyozoea kuandika "Dar es Salaam: TUKI" vikaambiwa TUKI inatosha, mji hauna kazi. Lakini mhadhiri aliyelelewa na toleo la zamani bado anaudai mji wake, na mwenzake wa chumba cha pili akiuona anaukata kwa wino mwekundu. Wanaosema vyuo havifundishi maisha hawajapita hapo. Kijana anajua mapema kwamba usahihi wa jambo hutegemea umebisha mlango wa nani.

Fadhila nyingine ya Marejeo ni kutupanga upya majina. Kanuni inataka jina la ukoo litangulie, mengine yabaki herufi tu. Mswahili wa pwani kwa kawaida hana jina la ukoo la namna hiyo. Ana jina lake, la baba yake na la babu yake. Haidhuru, Marejeo yatampatia bila malipo. Shaaban Robert anaingia kama "Robert, S.", utadhani alizaliwa Manchester. Mohamed Suleiman Mohamed, mtunzi wa Kiu (1972), ukimpindua anabaki Mohamed vilevile. Huyo kaushinda mfumo bila kuinua mkono. Shafi Adam Shafi naye alikuwa salama, ila vitabu vyake vingine vinamwita Adam Shafi, na mwanafunzi inabidi aamue peke yake, usiku wa manane, kama hao ni watu wawili au mmoja. Penina Muhando wa Hatia (1972) yuko kwenye Mu. Penina Muhando Mlama, ambaye ndiye yeye, yuko juu kwenye Ml. Katikati yake na nafsi yake wameketi akina Mohamed wawili, wa Kiu na wa Utengano. Hakuna kadhi aliyewahi kutenganisha watu kwa ustadi kama huu.

Tazama pia adabu zake. Jina la kitabu linalala, yaani huandikwa kwa herufi za mlazo. Jina la makala linasimama. Jina la jarida linalala, na namba ya juzuu inalala pamoja nalo, lakini namba ya toleo, iliyomo kwenye mabano pembeni kabisa ya juzuu, inasimama wima. Sababu yake usiulize. Mwanafunzi aliyekesha akilaza na kusimamisha namba hizo hatasumbuliwa na ofisi yoyote duniani: akiambiwa fomu ijazwe kwa wino mweusi, picha iwe na kivuli cha bluu, atajaza na kushukuru.

Marejeo pia hayana upendeleo wa kindugu, jambo adimu katika nchi zetu. Bibi yako akikueleza maana ya methali, lini inatumika na nani haruhusiwi kuitamka mbele ya mkwewe, APA inasema hayo ni mawasiliano binafsi: mtaje ndani ya insha ukitaka, kwenye orodha haingii. Lakini mtafiti aliyekuja na kinasa sauti, akaketi kwenye mkeka ule ule, akarekodi maneno yale yale na kuyachapa, anaingia kwa jina, mwaka na kurasa. Bibi alikosea kusema badala ya kuchapisha.

Sifa kubwa kuliko zote nimeibakiza: Marejeo ni mchongezi wa kuaminika. Insha yenyewe inaweza kudanganya kuanzia utangulizi hadi hitimisho na mhadhiri asitambue. Orodha haiwezi. Mwanafunzi anayedesa kazi ya kaka yake husawazisha jina, namba ya usajili na tarehe ya juu, akaprinti steshenari na kukusanya kwa wakati. Nyuma kule kumebaki mstari unaosema tovuti fulani ilisomwa tarehe 12 Juni 2009, mwaka ambao yeye mwenyewe alikuwa chekechea. Siku hizi wapo wanaoiagiza akili mnemba iwaandikie. Inaandika kwa ufasaha wa kutisha, kisha inataja kitabu chenye mwandishi anayefahamika, mwaka wa kuaminika, mchapishaji halali, na kasoro moja tu: hakijawahi kuandikwa. Mhadhiri aliyechoka kusoma insha sitini hasomi tena hoja. Anafungua nyuma, anatafuta kitabu kimoja, anakikosa, na sapu imeshapata mtu.

Wapo wanaolalamika kwamba orodha yenyewe ina alama chache tu na inakula usiku mzima. Hao wangependa sehemu gani? Utangulizi, unaoanza kwa kusema lugha ni chombo cha mawasiliano kana kwamba mhadhiri hajapata kuambiwa? Hitimisho, linalotaka serikali, wazazi na jamii kwa ujumla washirikiane? Ukizifuta sehemu hizo, insha haipungui uzito. Ukifuta Marejeo, kila sentensi iliyobaki inakuwa mali isiyo na risiti.

Nami nimeanza kwa utani lakini jambo hili nalisema kwa dhati. Kwenye insha, mahali ambapo kijana anakiri wazi kwamba hakuyajua haya peke yake, kwamba kuna watu walihangaika kabla yake na anao wajibu wa kuwataja, ni pale penye mikato na mabano yanayoudhi. Kanuni za kulaza na kusimamisha zinaweza kubadilika hata kesho, kama ile ya mji ilivyobadilika 2019. Wajibu wa kumtaja mwenye maneno ulikuwepo kabla ya APA na utabaki. Na kama kanuni hazina nafasi ya Bibi, anayezitunga ndiye mwenye kosa, si Bibi. Mtaje ndani ya insha kwa jina lake kamili, kijiji chake na siku aliyokwambia.

Basi wewe uliyeingia mwaka wa kwanza, fungua ukurasa wa Marejeo siku unapopewa swali, usingoje usiku wa kukusanya. Kila kitabu unachokishika, andika mwandishi, mwaka, jina na mchapishaji kabla hujakirudisha maktaba. Usitaje ambacho hujakifungua. Na kabla ya yote hayo, muulize mhadhiri wako kama anautaka mji au hautaki.