Asali Yenye Bibi

Siku hizi wataalamu wa masoko hawauzi bidhaa, wanauza hadithi. Chupa ya asali ya Handeni haitoki dukani mpaka itafutiwe bibi aliyerithisha siri, mzinga wa babu na machozi kidogo. Huko Chanika, Handeni kwenyewe, muuza mitumba amejirekodi kwenye kipaza sauti chake: bei, basi. Maskini, hajahudhuria semina.

Si kwamba hadithi haiuzi. Mwaka 1993 Radio Tanzania ilianza mchezo wa Twende na Wakati, ukanadi uzazi wa mpango na kinga ya UKIMWI kupitia Mkwaju, dereva wa lori mwenye vimada njia nzima. Dodoma hawakurushiwa hadi 1995, ili watafiti walinganishe. Kulikosikika mchezo, uzazi wa mpango uliongezeka zaidi.

Ila Mkwaju alikuwa mzinzi, akaugua. Mkewe Tunu akamwacha, akafungua biashara yake. Madereva wanaopitia Korogwe walimjua mtu wa namna hiyo, pengine kwa jina.

Shujaa wa matangazo ya leo hana dhambi hata moja. Alianza na mtaji wa elfu kumi, “hakukata tamaa”. Mteja aliyesoma aya zote tisa za tangazo la sabuni anauliza ni shilingi ngapi.

“Njoo inboksi, mpendwa.”