Mwalimu wa Nkwenda Anataka Matumbawe

Bahari ya Hindi haijui msimu wa kahawa. Huku Karagwe na Kyerwa buni huanza kuiva Mei. Tunavuna, tunaanika, tunapeleka kwenye ushirika wetu wa AMCOS, na kuanzia Julai hadi Septemba mtu anaweza kuingia dukani bila kuomba aandikwe kwenye daftari. Miezi hiyohiyo ndiyo kusi inavuma pwani, bahari imechafuka, na Wazungu wamefunga shule, kwa hiyo bei za kuzamia zimepanda darini. Ikifika Novemba kusi imeshakufa, maji yametakata, papa potwe wamejaa Kilindoni kule Mafia, na bei zinapumua kidogo kabla ya Krismasi. Mfukoni mwangu wakati huo kuna risiti ya dawa ya migomba na ahadi niliyomwekea fundi wa bati.

Wenye hekima wananiambia, basi nenda Aprili, ni nusu bei. Aprili ni masika. Hoteli kadhaa za Mafia zinafunga milango kabisa, na mito inamwaga tope baharini. Nusu bei ya kutoona kitu bado ni pesa.

Mimi nafundisha Jiografia. Nimechora matumbawe ubaoni mpaka chaki inanijua, aina zote tatu na mishale yake, nikiwa kilomita 1,400 hivi za barabara kutoka tumbawe la karibu. Sijawahi kuliona hata moja, na wanafunzi wa siku hizi wana tabia mbaya ya kuuliza.

Njia ya kupata fedha Novemba ipo, inaitwa butura: unamuuzia mtu kahawa ikiwa bado ua, kwa bei ya kutupa, halafu unakaa kuitazama ikiiva kwa niaba yake. Serikali imeipiga marufuku, na nyumbani kwangu imepigwa marufuku mara mbili. Nililitaja neno hilo mezani kama mfano tu, mama watoto akaitisha kikao. Baba mdogo alisikiliza hadi mwisho, akaweka chini mrija wake wa lubisi.

“Yaani uuze kahawa ambayo haijazaliwa, umlipe mtu akufundishe kupumua. Hapa ulipo unapumulia nini?”

Mama yangu hakusema chochote kwa muda, kisha akataja MV Bukoba. Watu wa Kagera hatujasahau meli hiyo ilivyozama tarehe 21 Mei 1996, na mtu mzima anayekwenda kwenye maji kwa starehe anapaswa kujieleza. Nilimwambia, mama, huku kuzama ndiyo kazi yenyewe na kurudi juu kunafundishwa. Haikusaidia.

Tuje kwenye bei. Zamani wazamishaji waliandika dola, na dola mia nne ni namba fupi, ina adabu, unaweza kuipita bila kuamkiana. Mwaka 2025 serikali ikapiga marufuku bei za humu nchini kutangazwa kwa fedha za kigeni, nami nikashangilia kama mzalendo. Nikauliza tena bei ya kozi ya msingi, ile ya siku tatu nne inayokupa cheti cha kushuka hadi mita 18. Nikajibiwa kwa shilingi. Milioni moja na ushee, sifuri zote zimesimama mstarini zinaniangalia. Uzalendo una maumivu yake.

Kwa maskini ipo njia ya kuonja: unapewa maelezo mafupi, unavalishwa mtungi, mkufunzi anakushika kama mzigo wa kuvunjika na kukushusha mita zisizozidi 12. Nadhani mwalimu wa serikali aishie hapo. Matumbawe mengi mazuri yako juu juu, mwanga unakopenya, na hayaombi cheti.

Wapi sasa? Nimelifanyia hesabu jambo hili kuliko mitihani ya mock. Pemba ina kuta zinazoshuka mpaka kichwa kinazunguka, lakini wenye mashua ni wachache, na mahali penye wauzaji wachache nimejifunza kwenye kahawa kinachotokea. Mafia ndiyo ya moyo wangu: hifadhi ya bahari tangu 1995, ghuba ya Chole, papa potwe mwenye urefu wa basi dogo anayekula vijidudu tu. Lakini uende Nyamisati kule Kibiti, upande boti hadi Kilindoni, uvuke kisiwa hadi Utende, ulipe kiingilio cha hifadhi, na hapo bado hujalowa hata kidole. Nungwi haina haya, kelele ni nyingi, ila wazamishaji wamebanana kiasi kwamba wanasikilizana bei, na daladala namba 116 kutoka mjini Unguja inakufikisha kwa nauli ya binadamu. Mnemba iko jirani, na ina ada yake juu. Dar yenyewe unaweza kuvuka hadi Mbudya au Bongoyo na miwani na mrija, ukarudi jioni kula chipsi.

Kuna wanaoniuliza, mwalimu, maji si tunayo? Tunayo. Ziwa Rwakajunju lina viboko. Mto Kagera pale Murongo una mamba, na mamba hahitaji kozi. Ziwa Tanganyika ndilo jibu la maana: kina mita 1,470, maji maangavu, na visamaki vya rangi ambavyo Ulaya wanavifuga sebuleni. Kutoka kwetu unapita Biharamulo, Nyakanazi, Kibondo, Kasulu, umefika Kigoma. Kwa miwani na mrija hakuna safari rahisi kuliko hiyo. Ila tumbawe halipo, na ubaoni nimechora tumbawe.

Kwa hiyo ni basi. Mchomoko kutoka Nkwenda hadi Omurushaka, watu wanne kwenye siti ya watatu na kuku asiye na nauli. Halafu Biharamulo, Kahama, Nzega, Singida. Tangu mabasi yaruhusiwe kutembea usiku mwaka 2023 unaweza kuyapita haya yote ukiwa macho gizani, goti la jirani likiwa mbavuni. Ukishuka Dodoma unapanda treni ya SGR, ambayo ilipoanza 2024 daraja la kawaida lilikuwa shilingi 31,000, na kwa saa chache uko Dar umenyooka mgongo. Nilijiona mjanja sana kwa hesabu hiyo.

Kisha ndugu wakasikia. Huwezi kutoka Karagwe kwenda Dar mikono mitupu. Mpwa wangu wa Tabata anataka mkungu, dada yake anataka maharage, na kwa kuwa ni Novemba kila mtu anataka senene, tena waliokaangwa vizuri, miguu imetolewa. Konda alipima mzigo wa mwenzangu aliyetangulia kwa jicho tu, akataja bei. Ndizi za bure zilifika Dar zikiwa ghali kuliko za sokoni Mabibo.

Mazoezi nimefanyia Mtagata, zile chemchemi za maji moto alizofika Stanley mwaka 1876. Wazee huja kuloweka magoti na viuno. Nilishuka nimevaa miwani ya kuzamia iliyofunika pua, mrija mdomoni, nikalaza uso majini nihesabu pumzi. Miwani iliingia ukungu papo hapo kwa ule uvuguvugu. Nilipoinuka, bibi mmoja alikuwa amesogea karibu, ananitazama kwa huruma ya kweli.

“Pole mwanangu. Wewe ugonjwa wako uko puani?”

Nilifikiri hayo ndiyo ya mwisho, mpaka niliposoma habari za naitrojeni. Ukiwa chini, mgandamizo unaisukuma naitrojeni iingie mwilini. Ukipanda juu haraka inatoka kwa mapovu, kama soda iliyotikiswa. Ndiyo maana DAN, wale wa usalama wa wazamiaji, wanashauri usipande ndege kabla hazijapita saa 12 baada ya mzamo mmoja, na saa 18 kama umezamia mara kadhaa. Nikacheka. Ndege ya nani? Kisha nikasoma mstari wa chini: hata kupanda sehemu za miinuko.

Dodoma ni zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari. Treni yangu ya ujanja inanipandisha huko kwa saa chache tu. Karagwe ni juu zaidi, mita 1,500 na kuendelea. Mtu wa mlimani akizamia, kurudi kwake nyumbani tu ni hatari ya kitabibu. Hivyo bajeti imeongezeka usiku mmoja Dar, wa kukaa tu na kutoa naitrojeni. Nikampigia mpwa wangu, nikamweleza sayansi yote kwa utaratibu, kuanzia mgandamizo hadi mapovu, na kwamba ningelala kwake siku moja zaidi.

Akanyamaza kidogo. “Sasa mjomba, hiyo hewa haiwezi kukutoka ukiwa umekaa pale stendi ya Magufuli?”