Likizo ya Jua
Jirani yangu wa Kitengela anakwenda likizo Magadi. Wiki nzima amenung'unika: jua kali, vumbi sebuleni, boza la maji halijafika. Dawa yake? Kulipia chumba katika kaunti hiyo hiyo ya Kajiado, huko bondeni, ambako joto hukaribia nyuzi 40 na ziwa limevaa tabaka gumu la magadi. Atatazama chemchemi za moto, kisha apige picha Olorgesailie, penye mashoka ya mawe yaliyofukuliwa na wanaakiolojia akina Leakey miaka ya 1940, ya watu wa kale walioishi bila bomba wala malalamiko. Mzee wa Kimaasai aliyepoteza ng'ombe katika ukame wa 2022 atamwuliza kwa upole: "Kijana wangu, kwani kwenu jua nalo limekatwa?"