Barua ya Wazi kwa Ofisi ya Kichujio, Barabara ya Thika

KWA: Ofisi inayosimamia kichujio cha intaneti, kuanzia Ruiru hadi Thika
KUH: Ilani nyekundu za vyeti katika vivinjari vya wananchi

Ilani ya kivinjari inayosema “Muunganisho wako si wa faragha” mara nyingi hutokea pale seva inapotoa cheti kisicholingana na jina lililoombwa, au cheti kilichotiwa sahihi na asiyetambulika. Kwenye waifai za Ruiru, Juja na Thika ilani hiyo imezoeleka kiasi kwamba watu huipita bila kuisoma. Inaweza kuwa dalili ya mwizi. Inaweza pia kuwa dalili kwamba Ofisi iko kazini. Mwananchi hana njia ya kuzitofautisha kwa macho, na kwa hilo Ofisi imepata mafanikio ya aina yake.

Ofisi yenyewe haina bango wala sanduku la posta. Inakaa kwenye chumba cha seva cha chuo, kwenye ruta iliyopigiliwa juu ya mlango wa hosteli, kwenye kampuni ndogo inayosambaza intaneti ploti kwa ploti huko Kimbo na Kihunguro, na mara nyingine kwenye simu ya keyateka anayeijua nywila ya ruta na basi. Kwa kuwa haijulikani barua ipelekwe dirisha lipi, imebidi iwe ya wazi.

Nia ya Ofisi haina ubishi. Shule inayolipia intaneti haina haja ya kumwomba mtu radhi kwa kuwafungia watoto kamari na picha za ngono, na kampuni inayofunga tovuti za kusambaza virusi inastahili shukrani. Njia iliyochaguliwa nayo ni ya bei nafuu. DNS, mfumo uliobuniwa na Paul Mockapetris mwaka 1983, hugeuza jina la tovuti kuwa namba ya seva. Anayemiliki DNS ya mtandao anaweza kusema uongo mdogo: jina lililoko kwenye orodha ya marufuku likiulizwa, badala ya namba ya kweli anatoa namba ya seva yake, yenye ukurasa ulioandikwa “Tovuti hii imezuiwa”, pamoja na nembo na maneno ya upole.

Zamani uongo huo ulifanya kazi vizuri, kwa sababu tovuti nyingi zilitumia HTTP, na HTTP haimwulizi mtu yeyote yeye ni nani. Mambo yakabadilika. Kufikia mwisho wa mwaka 2015 Let’s Encrypt ilikuwa inagawa vyeti bure kwa umma. Julai 2018 Chrome 68 ikaanza kuzitaja tovuti zote za HTTP kuwa si salama. Leo karibu kila tovuti yenye maana iko kwenye HTTPS, na kivinjari kikifika mlangoni hudai cheti kabla ya kusoma neno lolote. Ni sawa na mgeni aliyeulizia nyumba ya Mama Njeri huko Section 9, akaelekezwa kwa jirani, na jirani akafungua mlango huku ameshika kitambulisho chake mwenyewe. Mgeni mwenye akili haingii. Ukurasa wa Ofisi, pamoja na nembo yake na upole wake, hausomwi na mtu. Kinachosomwa ni onyo kwamba huenda kuna wavamizi wanaojaribu kuiba nywila na namba za kadi.

Chukua mwanafunzi wa Thika anayetafuta ufadhili katika Chuo Kikuu cha Essex, Uingereza. Ofisi, kwa bidii yake, imeandika kanuni moja kwenye ruta: kila jina lenye herufi s, e na x zikifuatana lifungwe. Ruta za MikroTik, zinazopendwa na watoa huduma wadogo, zinaruhusu kanuni ya namna hiyo kwenye jedwali la DNS kwa mstari mmoja tu. Mwanafunzi akiandika essex.ac.uk, ruta inajibu 192.168.88.1, yaani anwani yake yenyewe ya kiwandani. Ikiwa HTTPS imewashwa kwenye ruta, kivinjari kitapewa cheti ambacho ruta imejitilia sahihi yenyewe, na ilani nyekundu itatokea. Waingereza walishapitia hili: mwaka 1996 kichujio cha AOL kiliwazuia wakazi wa mji wa Scunthorpe kufungua akaunti kwa sababu ya herufi zilizojificha ndani ya jina la mji wao. Ofisi haijaachwa nyuma sana, ni miongo michache tu.

Kabla ya Ofisi kulaumiwa, haki inataka washukiwa wengine wachunguzwe. Wa kwanza ni saa. Kompyuta kuukuu ya saiba ikiishiwa na betri ya CR2032 iliyo kwenye ubao wake mkuu, huamka kila asubuhi ikiamini ni mwaka wa zamani, na vyeti vyote huonekana bado havijaanza kutumika. Dalili yake ni NET::ERR_CERT_DATE_INVALID kwenye tovuti zote, si moja. Dawa ni betri ya bei ndogo.

Mshukiwa wa pili ni ukurasa wa kulipia. Waifai za vocha zinazolipwa kwa M-Pesa, na zile za hoteli za nyama choma huko Kamakis zinazotaka namba ya simu kwanza, huishika safari ya kivinjari njiani ili kumleta mteja kwenye malipo. Aliyeanza na tovuti ya HTTPS ataona ilani badala ya ukurasa huo. Vocha ikiisha katikati ya kazi, tovuti iliyokuwa wazi dakika moja iliyopita inaweza kugeuka nyekundu vilevile. Kufungua anwani yoyote ya HTTP isiyo na cheti hulazimisha ukurasa wa malipo ujitokeze.

Hao wawili wakishaondolewa, kinachobaki ni kusoma. Kwenye Chrome, msimbo NET::ERR_CERT_COMMON_NAME_INVALID maana yake cheti ni cha jina jingine. NET::ERR_CERT_AUTHORITY_INVALID maana yake aliyekitoa hatambuliki. Firefox huandika SSL_ERROR_BAD_CERT_DOMAIN na SEC_ERROR_UNKNOWN_ISSUER kwa maana hizohizo. Ukibonyezwa upande wa kushoto wa anwani na cheti kikafunguliwa, mara nyingi mtoaji hujitaja mwenyewe: jina la kampuni ya kichujio, la kiwanda cha ruta, au neno “localhost”. Hapo uchunguzi umefika nusu. Nusu nyingine ni kuzima waifai na kujaribu kwa bando la simu: tovuti ikifunguka, kosa si la tovuti wala la kompyuta.

Ushahidi wa kupeleka mbele ya Ofisi hupatikana kwa amri ya nslookup. Kwanza jina linaulizwa kwa DNS ya mtandao uliopo, kisha kwa DNS ya nje, kwa mfano kwa kuongeza 1.1.1.1 mwishoni mwa amri. Jibu la kwanza likianza na 10 au 192.168 na la pili likiwa namba ya kawaida ya intaneti, kichujio kimejishuhudia. Majibu yote mawili yakifanana, uchunguzi usiishie hapo, kwa kuwa baadhi ya mitandao huyakamata maswali yote ya mlango wa 53, yaani mlango wa DNS, na kuyajibu yenyewe, hata yale yaliyotumwa kwa mwingine. Mwananchi anadhani amemwuliza wa nje. Aliyejibu ni yuleyule.

Kuna ilani isiyo na kitufe cha kupita. Tovuti nyingi, za benki zikiwemo, hutumia HSTS, kanuni iliyosanifiwa mwaka 2012, inayokiamuru kivinjari kikatae kabisa cheti kibovu. Watu huiona kuwa ukaidi wa Chrome, ilhali ni tovuti yenyewe iliyoomba ilindwe hivyo. Kuna pia hitilafu isiyo na ilani yoyote, na ndiyo inayosumbua zaidi. Ukurasa mmoja huvuta vipande kutoka majina mengi: picha huku, programu kule, kitufe cha kuingilia kwingine. Kichujio kikifunga jina la kipande kimoja, kivinjari hukiacha kimyakimya. Ukurasa unafunguka, fomu inajazwa, kitufe cha kutuma kinabonyezwa, hakuna kinachotokea. Mwenye saiba hulaumu tovuti ya serikali, ambayo kwa mara moja haina hatia.

Athari ya haya yote inaonekana vizuri usiku wa tarehe 30 Juni, siku ya mwisho ya kuwasilisha ritani za kodi, katika saiba yoyote karibu na steji ya Thika. Foleni imefika mlangoni. Kijana wa saiba anafungua tovuti ya mteja mmoja, ilani inatokea, kidole chake kinakwenda kwenye maneno ya chini, kisha kwenye “endelea”, kabla mteja hajamaliza kuuliza hiyo rangi ni ya nini. Mahali kitufe kinapokosekana, kuna neno moja la siri ambalo Chrome hulikubali, na vijana wa saiba wanalijua kwa moyo. Mteja anayefuata anataka iTax, eCitizen au akaunti ya benki. Siku ilani ikiwa ya kweli, kidole kitakwenda palepale. Ofisi imeendesha mafunzo haya bila bajeti na bila semina hotelini.

Ofisi nyingine huona suluhisho ni kila mtu asakinishe cheti cha Ofisi kwenye simu yake. Kweli ilani hunyamaza. Hunyamaza pia kwa kila kitu ambacho Ofisi, au yeyote atakayeiba ufunguo wake, ataamua kukifungua na kukisoma. Kwenye kompyuta za ofisi, ambazo ni mali ya mwajiri, hilo linaeleweka. Kwenye simu ya mpangaji wa hosteli ni kuomba ufunguo wa nyumba ili kuzuia kelele. Julai 2019 serikali ya Kazakhstan iliwataka wananchi wake wasakinishe cheti cha aina hiyo. Mwezi uliofuata Google, Mozilla na Apple zikakizuia kwenye vivinjari vyao.

Wanaolengwa na kichujio, wakati huohuo, wako kwingine. Tangu Android 9 ya mwaka 2018, simu ina mpangilio wa DNS ya faragha unaopeleka maswali kwa njia iliyosimbwa. Novemba 2024, mtihani wa KCSE ukiendelea, Telegram ilizuiwa saa za mtihani kwa agizo la Mamlaka ya Mawasiliano kwa kampuni za simu. Waliokuwa na VPN wakaendelea kuingia. Anayebaki ndani ya kichujio ni mama anayetafuta fomu ya bima ya afya ya SHA.

Marekebisho ni madogo hadi yanaaibisha. Kichujio kisitoe namba ya seva yake. Kijibu tu kwamba jina halipo, jibu liitwalo NXDOMAIN, kama Quad9 inavyofanya kwa tovuti za virusi, au kitoe 0.0.0.0, kama huduma ya familia ya Cloudflare kwenye 1.1.1.3. Kivinjari kitasema tovuti haipatikani, bila kumtaja mwizi ambaye hayupo. Tangu mwaka 2020 kuna pia kiwango RFC 8914, kinachoiruhusu DNS kueleza sababu kwa namba, 15 ikiwa na maana kwamba jina limezuiwa na 17 kwamba limechujwa kwa ombi la mteja. Ukurasa wenye nembo uchapishwe kwenye karatasi na kubandikwa pale ilipobandikwa nywila ya waifai, ukiwa na aina za tovuti zilizofungwa na namba ya simu inayopokelewa.

Karatasi hiyo itaje pia kumbukumbu. Kichujio cha DNS kinaweza kuandika kila jina lililoulizwa na kifaa kilichouliza, na orodha ya mtu anayetafuta kliniki saa nane za usiku ni taarifa binafsi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inampa mwenye taarifa haki ya kuambiwa zinatumikaje. Ikiwa Ofisi ni ya umma, Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa raia haki ya kuuliza orodha ya marufuku ilitoka wapi, na jibu “ilikuja na ruta” litakubalika iwapo ni la kweli.

Tovuti iliyofungwa kimakosa ikishafunguliwa, vifaa vitaendelea kukumbuka jibu la zamani kwa muda ulioandikwa kwenye jibu lenyewe. Kwenye Windows, amri ya ipconfig /flushdns hulifuta jibu hilo. Kwenye simu, kuzima waifai na kuiwasha mara nyingi hutosha. Ofisi iliyoweka muda wa siku nzima itapokea malalamiko hadi kesho yake kuhusu kosa ililokwisha kulirekebisha. Sekunde 60 zinatosha.